Karatasi Mbili za Mkalimani

Asubuhi hiyo ya mwaka 1993, mjini Mogadishu, kaka yangu Omari alikuwa barazani akishona viatu vya ngozi, kazi yetu sisi watu wa Barawa, Waswahili wa pwani ya Somalia. Alinitazama nikifunga kamba za buti nilizopewa na wanajeshi wa Kimarekani.

"Hizo zitakuumiza vidole, mdogo wangu. Njoo nikushonee vya mtu mzima."

Nilicheka. Nilikuwa nimesoma sekondari Mombasa, Kiingereza nakijua, wakaniajiri ukalimani. Sheria ilikuwa moja: mkalimani haongezi neno. Nilijivunia sheria hiyo.

Siku ileile nilipewa kipaza sauti na karatasi. Nikasoma kwamba mtaa wetu umo katika eneo la usalama, watu wakae ndani. Nilikuwa nimeona bunduki kubwa zikielekezwa kwetu. Karatasi haikuzitaja, nami sikuzitaja.

Kesho yake adhuhuri nikamsikia ofisa akiitaja redioni nyumba ya jirani yetu, walimojificha wapiganaji. Helikopta zilikuwa njiani.

Akanipa karatasi nyingine. Kaeni ndani.

Nikaitupa.

"Tokeni. Ni mimi Haji, mdogo wake Omari. Tokeni sasa hivi, piteni msikitini."

Nilinyang'anywa kipaza sauti, lakini walikuwa wameshanisikia. Walitoka vikongwe, wakatoka wajawazito, akatoka mke wa Omari, shemeji yangu, kambeba mgongoni bintiye wa miaka saba. Maishani sijaona kitu kizuri kama ule mstari wa watu walio hai chini ya ukuta wa msikiti.

Omari hakuwamo.

"Alisema leo Haji huenda kalazimishwa; jana alituambia tukae, na Haji hasemi ovyo," shemeji alinieleza. "Akaniambia nitangulie." Kombora lililolenga nyumba ya jirani liliangusha na yetu, Omari akafia ndani.

Leo nina ofisi ya mizigo hapa Sanyuanli, mjini Guangzhou, Uchina. Salma, mjukuu wa Omari, anasoma historia na Kiswahili chuo kikuu cha hapa. Juzi alikuja na orodha ya istilahi za ubeberu wa Marekani, nimsaidie kuziweka kwa Kiswahili: eneo la ushawishi, serikali kibaraka, uingiliaji wa kibinadamu, madhara yasiyokusudiwa.

"Hii ya mwisho, Babu, maana yake hasa nini?"

Kwao wanajua karatasi ya pili tu. Siku hiyo nilimweleza na ya kwanza, pamoja na zile bunduki nilizoziona nikanyamaza. Nilijua huenda nikampoteza.

Alifunga daftari lake. "Mtoto wa mgongoni ndiye mama yangu?"

"Ndiye."

"Basi njoo darasani Jumatatu, Babu. Uvae viatu vizuri."

Nilikwenda. Alisoma istilahi zote, na alipofika ya mwisho hakutoa fasili. Alisema: babu yangu Omari, fundi viatu. Kisha akaeleza jinsi mtaa mzima ulivyotoka, akaninyooshea mkono nilipokaa. Darasa lote likasimama kunipigia makofi.

Niliyapokea. Watu wale niliwatoa mimi, na hilo naringia hadi kufa. Lakini karatasi ya kwanza pia niliisoma mimi, kwa sauti hiihii, na Omari aliiamini.