Mkaguzi wa hataza na mchoro ambao haukunyooshwa

Saa tatu na robo asubuhi, theluji imefika magotini nje ya karakana ya Igarashi mjini Sanjo, na Chigusa Nagumo amechuchumaa mbele ya sanduku la umeme kama mtu aliyedondosha hereni. Macho yake yanapanda hadi kwenye kisu kinachokata mochi, vitafunio vya mchele wa kunata uliotwangwa, yanashuka kwenye taa ndogo ya kijani, yanapanda tena.

"Punguza mwendo," anasema.

Mzee Iwao Igarashi, mwenye karakana, anapunguza. Kisu kinainuka, taa inapepesa. Kisu kinashuka, taa inazima.

"Punguza tena."

"Nikipunguza zaidi ya hapo italala, mheshimiwa."

"Iache isinzie basi!"

Kisu kinainuka polepole, taa inapepesa. Kisu kinashuka, taa inazima. Chigusa anasimama ghafla, magoti yanalia, na sauti inayomtoka si ile unayoitegemea kwa mtumishi wa serikali mwenye suti nyeusi.

"Jamani! Mbona hili hamkuliandika?"

Chigusa, mwenye umri wa miaka 44, ni mkaguzi katika ofisi ya hataza jijini Tokyo. Mbunifu akitaka hataza, yaani hati ya kumkinga asiigwe, karatasi zake hupita mezani kwa mtu kama yeye, ambaye huamua kama kweli kitu hicho ni kipya. Meza ya Chigusa ni ya jambo moja tu: jinsi mashine za kiwandani zinavyowasiliana ili saa zake zisipishane.

"Ukimtajia mtu kazi hiyo kwenye harusi, anakuuliza kama umeshaonja samaki," anasema na kucheka.

Kwake lakini hakuna kazi tamu kama hiyo. Anaieleza kwa mikono, na ukiwa karibu yafaa uondoe kikombe chako. Anasema fikiria watu wawili wanaotwanga mochi. Mmoja anashusha nyundo, mwenzake anaingiza mkono kuligeuza donge katikati ya mapigo. "Wasipokubaliana sasa hivi ni lini, mkono unakuwa kitoweo."

Mashine nazo ni hivyo hivyo. Mkanda unasogeza, kisu kinakata, mashine ya tatu inafunga karatasi, na kila moja ina saa yake. Zikipishana hata kwa sehemu mbili za elfu moja ya sekunde, kisu kinapasua kifungashio. Kwa hiyo hutumiana ujumbe wa saa kupitia waya. Tabu ni kwamba ujumbe nao huchelewa njiani, na mashine lazima ijue umechelewa kiasi gani.

Somo hilo alilipatia Toyama, alikokuwa fundi wa kiwanda cha kujaza chupa kwa miaka tisa. Asubuhi moja mashine mbili zilikosana saa, na chupa elfu nne za mchuzi wa soya zikavunjikia miguuni pake. "Nilinuka soya siku tatu. Paka wa jirani alinipenda sana wiki ile."

Aliingia ofisi ya hataza kwa mkataba wa miaka mitano, ukaongezwa mara moja, na hauongezwi tena. Machi mwakani anatoka. Hulipwa yen 560,000 kwa mwezi, si mbali na alichopata kiwandani, na kwa mwaka hupitia maombi yapatayo 170. Ukigawanya, kila ombi hupata siku moja na kidogo. Ndani ya muda huo anatakiwa kulisoma, kulielewa, kisha kusaka duniani kote kama kuna mtu aliyewahi kulifikiria kabla.

Ombi la mzee Igarashi alilisoma Novemba iliyopita. Dai lake la kwanza, sentensi inayotaja hasa kinachoombewa ulinzi, lilisema hivi kwa ufupi: mashine inatuma ujumbe, inapokea jibu, inagawa muda wa safari kwa mbili, inarekebisha saa. Chigusa alitafuta, na saa mbili baadaye akapata andiko la miaka kumi na moja iliyopita, la watu wengine kabisa, lenye maneno yale yale. Akatuma barua ya kueleza kwa nini anakusudia kukataa.

Barua hiyo iliwafikia watu saba. Ndio wote wanaofanya kazi katika karakana ya Igarashi, pamoja na mkewe, Bi. Fusae. Mashine yao ya kukata mochi iliingia sokoni karibu miaka mitatu iliyopita, wiki chache baada ya ombi kuwasilishwa. Tangu hapo kampuni kubwa moja imenunua mashine hiyo, ikaifungua skrubu kwa skrubu, na sasa inaonyesha yake kwenye maonyesho ya biashara, inafanana kama pacha. Ombi likianguka, kampuni itauza bila kumwogopa mtu. Mzee hawezi kuomba upya, kwa kuwa kitu kilichokwisha kuuzwa hadharani si kipya tena.

Kuna sheria nyingine, kali kuliko zote. Ambacho hakikuwemo katika karatasi za siku ya kwanza hakiongezwi baadaye.

Igarashi aliomba mkaguzi aje aione mashine kwa macho. Wakaguzi huwa wanasafiri hadi kwenye miji kama Sanjo kwa kazi hiyo, na Chigusa hujitolea kila safari inapotokea. Akapanda treni ya kasi na chupa yake ya chai. Mzee mwenyewe ndiye aliyekubali mwandishi wa makala haya aingie.

Na sasa, mbele ya sanduku la umeme, mkaguzi anasubiri jibu.

"Hiyo taa?" mzee anauliza. "Aa, hiyo si kitu, mheshimiwa. Inawaka mashine inapopima safari ya ujumbe."

"Kwa nini inapima kisu kikiwa juu tu?"

"Kisu kikishuka mota inavuta umeme, waya unachafuka, ujumbe unarudiwarudiwa. Ukipima wakati huo unapata uongo. Kwa hiyo tunangoja kisu kiinuke. Fundi yeyote angefanya hivyo."

"Fundi yupi? Nitajie mmoja."

Mzee anawaza. Anatazama dari. Hapati hata mmoja.

Wakili wake wa hataza, Bi. Michiyo Kuwabara, amegeuka rangi. "Mzee Igarashi! Mara ngapi nimekuuliza mashine yako ina nini cha pekee? Ukaniambia haina!"

"Sasa nijisifu mbele za watu?"

"Ndiyo! Ndicho ulichoniajiria! Ujisifu mimi niandike!"

"Mwache, mama," anadakia Bi. Fusae kutoka mlangoni na sinia la chai. "Miaka thelathini na minane na huyu, hata chakula changu hajakisifu. Ataanzaje na waya?"

Wanacheka wote, ila Chigusa. Yeye ameshatandaza karatasi za ombi juu ya meza ya kufungashia, na kidole kinashuka aya kwa aya. Ziko aya thelathini na moja. Bi. Kuwabara anasoma pembeni yake kwa midomo, bila sauti. Aya ya ishirini haina kitu. Ya ishirini na saba inasema mashine hupima "mara kwa mara". Mara kwa mara! Hata mvua hunyesha mara kwa mara. Wanafika ya thelathini na moja na hakuna mahali palipotaja kisu kuinuka.

Mzee Igarashi anaanza kukunja mikono ya shati lake, kisha anaikunjua. "Basi," anasema taratibu. "Mheshimiwa ametoka mbali. Tushukuru."

"Michoro bado," anasema Chigusa.

Mchoro wa sita ndio unaomsimamisha. Juu kuna mstari unaopanda na kushuka, ndio mwendo wa kisu. Chini yake kuna mishale mitatu, ndio vipimo. Kila mshale umeangukia pale mstari ulipo juu. Hakuna neno hata moja linaloeleza, lakini mchoro nao ni sehemu ya ombi.

Wakili anamshika mzee mkono bila kujua. Mwandishi naye, ambaye shuleni alichukia hesabu, anajikuta amesimama juu ya ncha za vidole.

"Siahidi kitu," Chigusa anawaambia, na sura yake imeshafungwa. "Mimi si wakili wenu. Nikikubali kisichostahili, nimewafungia njia mafundi wengine mia. Leteni dai jipya lenye jambo hili, nitalipima kama la mtu mwingine yeyote."

Mlangoni Bi. Fusae anamsukumia mfuko wa mochi. Chigusa anaurudisha kwa mikono miwili.

"Mochi nane tu, mwanangu!"

"Mama, hata moja siruhusiwi."

"Na harufu uliyoivuta humu tangu asubuhi, hiyo si rushwa?"

"Hiyo naondoka nayo, mama. Sina jinsi."

Dai jipya lilifika Tokyo mwezi wa Machi, na kizingiti cha kwanza kilikuwa bosi wa Chigusa, Bw. Bessho, ambaye hakuna uamuzi unaotoka bila muhuri wake. Ni mtu mpole, asiyeamini kitu kwa urahisi.

"Dada Nagumo, umeanza kupenda mashine za watu," alimwambia. "Mishale mitatu imeangukia kisu kikiwa juu. Na kama ni bahati? Kama mashine inapima kwa saa yake tu, na mchoraji kapanga mishale pazuri?"

Chigusa anakiri kwamba alirudi mezani amenuna, akanywa chai yote, akaona aibu kwa sababu bosi alikuwa amesema kweli. Mishale iliyoachana kwa nafasi sawa haithibitishi kwamba inakifuata kisu.

Kisha akachukua rula.

Kutoka mshale wa kwanza hadi wa pili, milimita kumi na nane. Kutoka wa pili hadi wa tatu, ishirini na tatu! Akapima tena. Akapima mstari wa kisu: safari ya tatu ya kisu ilikuwa imechelewa, kwa milimita tano zile zile. Kisu kilipochelewa, mshale nao ulisubiri. Kama mashine ingekuwa inafuata saa yake tu, mshale ungeanguka pale pale, kisu kipende kisipende.

"Nilipiga kelele," anasema Chigusa, na hata sasa anaposimulia amesimama. "Ofisi ile hupigi kelele. Watu arobaini waligeuka. Bw. Bessho alikuja na kikombe chake, akapima mwenyewe mara mbili, akasema, 'Haya.' Kwake hiyo ni shangwe."

Ilibaki kujua kama kuna mwingine aliyewahi kulifikiria. Alisaka siku tatu nzima, siku alizozifidia kwa kubanana na maombi mengine. Alipitia maandiko ya Kijapani, Kichina na Kiingereza. Andiko moja la Kijerumani lilimkata maini, kwa kuwa nalo lilisubiri utulivu ndipo lipime. Alilisoma hadi mwisho. Lile lilizima mashine yote kwanza. Ya mzee Igarashi haisimami, inaiba nafasi kila kisu kinapoinuka.

Mwandishi alimpigia simu mzee kumuuliza kwa nini mchoro wake ulikuwa umekaa upande, nafasi za mishale hazilingani.

"Mochi ilikwama siku hiyo," alijibu. "Nilichora kilichotokea."

Bi. Kuwabara anasema alimsihi waunyooshe, nafasi ziwe sawa, ili msomaji asichanganyikiwe. Mzee alikataa katakata. "Aliniambia hawezi kuichora mashine yake ikifanya ambacho haikufanya. Nilimwona mbishi. Leo nikikumbuka natetemeka. Ningeunyoosha, ningemzika."

Juni tisa, saa nne asubuhi, uamuzi wa kukubali ulitoka. Mkaguzi haruhusiwi kumpigia mwombaji simu kumpongeza. Chigusa alibonyeza, jina likaondoka kwenye orodha yake, akafungua ombi lililofuata, la watu wa roboti za kupaka rangi.

Sanjo simu ya wakili ilimkuta mzee Igarashi akitia grisi. Bi. Fusae anasimulia kwamba mumewe alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akaikata simu na kukaa juu ya kreti, mikono ikining'inia.

"Nikamuuliza, nani kafa? Akasema, 'Hakuna. Wamesema ni yangu.' Akarudia, 'Ni yangu, Fusae.' Mwanangu, sijawahi kumsikia akilitumia neno hilo kwa kitu alichokitengeneza."

Chigusa aliposimuliwa hayo aligeukia dirishani. Alipogeuka alikuwa anacheka na macho yamelowa, na hakujaribu kuyaficha.

Mkaguzi aliyemaliza miaka saba anaweza kuandikishwa kuwa wakili wa hataza, naye karibu anatimiza kumi. Fomu ameshaijaza. Machi akitoka atahamia Niigata, mkoa ulio na mji wa Sanjo, na kukodi chumba kimoja, chenye meza na viti viwili, azunguke karakana kwa karakana. Mume wake anaona ni kujitafutia njaa, na yeye habishi.

"Hapa karatasi inanifikia ikiwa imeshaandikwa, na siwezi kuongeza hata nukta," anasema. "Wangapi nimewakataa kwa sababu hawakujua kujieleza, sitajua kamwe. Nataka nifike wakati karatasi bado ni nyeupe."