Masanja amemlilia mbwa wangu kuliko mimi

Jamani, leo nimesalitiwa na marehemu.

Mbwa wetu Sajini tumemzika asubuhi, nyuma ya nyumba. Mke wangu kalia, watoto wamelia, mimi nikasingizia vumbi.

Mara hodi. Masanja.

Mnamjua, yule tunayegombania naye wateja wa asali hapa stesheni Tabora. Sajini akimwona tu, anambwekea mpaka abiria wanachungulia madirishani. Na mimi najisifu: mbwa huyu ana kibati cha leseni ya Boma shingoni na akili ya kumjua adui.

Masanja kashika sahani ya bati, macho mekundu.

"Pole, ndugu yangu. Nimeona niilete. Ni yake."

"Yake vipi?"

"Ya chakula cha mchana. Mwaka wa nne huu, treni ya Kigoma ikishaondoka, anakuja kwangu."

Kumbe kwa makelele yote yale ya stesheni, Sajini alikuwa ananizuga mimi.

Nikamuuliza: "Na mkia alikuwa anakutikisia?"

Masanja akainamisha kichwa, akawa anaifuta sahani kwa shati lake.

Masanja huyuhuyu, leo amenionea huruma, hakutaka kusema ndiyo.

Semeni wenyewe: Sajini nimlilie au nimnunie?