Tulibakiwa na shortcut, sauti ya mzee ikaondoka na format

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikaa kifuani, naliweka kama lilivyotokea bila kuongeza chumvi.

Mzee wangu analima mahindi kule Maposeni. Alipata uvimbe kooni, na madaktari wakatuambia wazi: upasuaji utamponya, ila sauti haitabaki.

Akakubali. Akaomba kwanza arekodiwe, wajukuu waje kumsikia.

Dada yangu Neema, mwalimu hapa Songea mjini, akaja na laptop. Jioni kadhaa mzee alikaa akiongea: mababu walifikaje, nani kamzaa nani, na nyimbo za Kingoni za kupalilia.

Nyimbo zenyewe sisi watoto hatujui hata mstari. Tulikuwa busy na Bongo Fleva.

Neema akaweka zote kwenye folder moja, BABA, na shortcut yake desktop ili iwe rahisi kuifungua.

Upasuaji ukaenda vizuri. Mzee akarudi mzima, kimya.

Baadaye laptop ikawa nzito, Neema akaamua kupiga Windows upya. Hakukurupuka. Alibofya BABA ile ya pale desktop, copy, paste kwenye flash, akaniita nihakikishe. Jina lipo, picha ya folder ipo. Nikamwambia poa, akaformat.

Mnaojua kompyuta najua mshashika vichwa.

Siku tunaenda kumsikilizisha mzee, nikachomeka flash kwenye laptop yangu. Mzee kashavuta kiti. Nikabofya, ikagoma: hicho kitu hakipo.

Tukarudi mjini kwa fundi. Akaangalia kidogo tu.

"Hizi siyo faili, dada. Hii ni shortcut, yaani anwani tu. Inaelekeza faili zilipokuwa kwenye laptop yako."

"Na kwenye laptop?" Neema akauliza.

"Kompyuta ina orodha ya kila faili ilipokaa kwenye diski. Ukiformat hivi kawaida, orodha ndiyo inafutwa. Vitu vyenyewe vinabaki, mpaka vingine vije kukaa juu yake. Umeshaweka nini?"

"Windows. Na muvi za wanafunzi, nyingi."

Neema akaanza kulia palepale.

Program ya kurudisha faili ilikuta vipande visivyo na majina, vingi mkwaruzo mtupu. Kimoja tu kilifunguka.

Mzee anasema, "Mama Neema, mtoe huyo kuku, naongea na wajukuu zangu!"

Mama kwa mbali, "Kuku ana kosa gani? Si wewe umekaa mlangoni kwake!"

Mzee anacheka. Anakohoa, anavuta pumzi aanze kuimba. Inakatika.

Tulimpelekea hicho hicho. Mama alivyosikia akatoka nje. Neema akasema, "Baba, nisamehe." Mzee akamshika kidole, akakiweka kwenye kitufe cha kucheza. Rudia. Tukarudia mpaka chaji ikaisha.

Majina ya ukoo tutaokoteza kwa ndugu. Nyimbo alikuwa nazo yeye.

Nilichojifunza: kabla ya format, fungua nakala yako kwenye mashine nyingine, uisikilize. Angalia ukubwa, shortcut huwa KB chache tu. Na ukipoteza kitu, usiweke chochote kipya humo, zima, tafuta fundi.

Nawasikiliza, hata wa kunisema semeni. Ila kama kuna mdau ambaye bibi yake anajua nyimbo za kupalilia za Kingoni, aniandikie hapo chini hata mstari mmoja. Nitamsomea mzee. Akiitikia kwa kichwa, nitajua ndio wenyewe.