Simu Ngeni Kwenye Rauta ya Kanyangi

Cheka ukitaka. Mimi pia nilikuwa nacheka hadithi za mizimu, na kanisani kwetu kijijini Tulia mtu akianza kuzisimulia natoka nje. Lakini hii ilinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado linawaka.

Mimi ni fundi wa intaneti. Mama Mwende wa Kanyangi alinipigia simu akilia. Binti yake alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani, na mara ya mwisho kuongea alisema ni mgonjwa na bosi hataki kumpeleka hospitali. Tangu wiki iliyopita, kila jioni, ile saa Mwende huruhusiwa kushika simu, mtandao wa pale nyumbani unakufa. Mama angekosaje kuchanganyikiwa?

Nikaketi mbele ya kompyuta yao kuukuu ya Linux. Ndiyo niliyoifanya fayawoli nilipowaunganishia mtandao, yaani mlinzi wa kuamua nani apite na nani akae nje. Nikapiga ping, yaani kubisha hodi, kwa rauta, kile kifaa cha kugawa mtandao, inajibu vizuri. Nikapiga ping nje, kimya. Nikaangalia ni nani wameunganishwa: simu ya mama, na simu nyingine ngeni, haina jina, imemeza laini yote.

"Ni watoto wa jirani!" mama akafoka. "Walisogeza mpaka wa shamba, sasa wanakula hata intaneti! Mfungie huyo, fundi!"

Nikaandika amri moja, nikabonyeza. Papo hapo mtandao ukarudi, haki ya Mungu.

Nikatoka kufunga vifaa kwa pikipiki. Langoni alikuwa amesimama msichana, nguo nyeusi za kazi, miguu mitupu. Unalijua vumbi la Kanyangi? Ile miguu haikuwa na vumbi hata kidogo.

"Fundi," akasema polepole, "ni mwaitu amesema nifungiwe?"

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Nikajua tu huyu ni mtoto wa jirani, na nikaona ana madharau. "Nunueni yenu!" nikamwambia.

"Nilikuwa nimefika ndani tayari," akajibu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nikainama kukaza kamba, kuinuka, hakuna mtu. Barabara pale ni peupe kabisa, angejificha wapi? Nikarudi ndani mbio, na kabla sijasema neno simu ya mama ikalia. Alikuwa msichana anayefanya kazi karibu na Mwende. Laini ilikuwa safi, tukasikia kila kitu: Mwende alifariki wiki iliyopita, bosi akaficha. Kisha akatuma picha ya mwisho ya Mwende. Mimi sikuwa nimewahi kumwona Mwende. Niamini, uso ulikuwa ule ule wa langoni, na nguo zile zile.

Ningenyamaza, lakini mdomo ulinitoroka. Nilipomweleza mama nilichoona langoni, alinishika shati akapiga nduru: "Mfungulie! Ngai wakwa, Mungu wangu, mfungulie mtoto wangu!" Nikaifuta ile amri. Tukangoja mpaka giza likaingia. Hakurudi.

Hadi leo mama hunipigia jioni. "Fundi, hebu angalia, ameingia?" Naangalia rauta yao nikiwa kwangu, naona simu ya mama peke yake. Namwambia bado. Sasa hata kupokea simu ya mama huyo naogopa.

Kwa hivyo wewe mwenye mtu mbali, ukiona mgeni kwa mtandao wako, usikimbilie kusingizia jirani. Uliza kwanza kama kuna wa kwenu ambaye bado anatafuta njia ya kurudi nyumbani.