Alisema Nibebe Mfano

Fundi aliyekuwa akichaji betri karibu na stendi ya Same, yule mzee mfupi wa koti la kaki, amefariki, na tulimzika kwao milimani wiki mbili zilizopita. Nilipigiwa simu nikiwa Arusha kwa shughuli zangu, na mkoba wangu ulikuwa na kila kitu isipokuwa kile alichonituma. Kwa hiyo, wasomaji wangu, msitegemee niandike kwa upole leo. Nina hasira na watu kadhaa, na mmoja wao ni mimi.

Chaja yake ilikuwa sanduku la chuma zito kama mbuzi, lenye mita ya mshale mbele, alilorithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Msimu wa ukungu, sola za milimani hukaa wiki nzima bila kuona jua, basi betri huteremshwa kwake zikiwa zimeisha kabisa: ya zahanati, ya spika za kanisani, ya mama anayelea vifaranga. Chaja mpya za plastiki huzikataa betri za namna hiyo. Zinawasha taa nyekundu, na muuzaji anakuambia betri imekufa, nunua nyingine. Mzee aliifunga kwenye sanduku lake, akaipa umeme kidogo kidogo kwa siku mbili, ikaamka. "Haijafa, imechoka," alikuwa akisema. "Mtu akichoka mnamzika?" Sijui nani aliruhusu kuuzwa mashine isiyojua tofauti ya kuchoka na kufa, lakini zinauzwa, tena kwa majivuno.

Mwanzoni mwa msimu huu dayodi moja iliungua. Dayodi ni kidude cha chuma kama bolti, kinachougeuza umeme wa ukutani uifae betri. Ndani ya sanduku zilikuwamo nne. Alinionyesha ile mbovu kiganjani, nyeusi, imejaa grisi. "Beba mfano, mwanangu," akaniambia. Kila fundi wa nchi hii anajua kwamba kipuri hakifuatwi kwa maneno. Unabeba kilichoharibika, ukakilinganishe dukani. Mimi, msomi mzima, nikaona kinyaa kuitia grisi ile kwenye mkoba wenye kompyuta. Nikaipiga picha kwa simu. Kule Arusha muuzaji hakuitazama picha hata mara mbili. "Hii ya zamani mno! Nyie Wapare bwana, si mnunue chaja mpya?" Wenzake wakacheka. Nilipong'ang'ania akanipa moja iliyofanana nayo, nikarudi Same kifua mbele.

Mzee aliipima, akatikisa kichwa. Kumbe ziko za aina mbili, sura ni ileile, ila kila moja hupitisha umeme kwa upande wake, na alama ya kuzitofautisha iko ubavuni, ambako picha yangu haikufika. "Shikamoo tena, mzee wangu, nimekosa," nikamtania. "Marahaba. Ijumaa ukienda, pita kwanza hapa uichukue ile mbovu." Ijumaa nilichelewa, sikupita. Betri ya zahanati ilibaki sakafuni kwake, na huko juu mama mmoja alijifungua kwa mwanga wa simu.

Sisi Wapare tunataniwa kwa ubahili, na mimi huwa nacheka pamoja na wanaotutania. Ila barabara ya mlimani ikikatika, hatujawahi kuagiza barabara mpya. Tunaitana msaragambo, kila nyumba inatoka na jembe, tunafukia mpaka gari lipite. Leo tumekubali kuuziwa vitu vilivyogundishwa, visivyo na hata skrubu ya kufungulia, na anayeulizia kipuri anachekwa dukani kama mshamba. Wazee walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa watu wa kuuziwa ukuta kila mwaka, na tunauita maendeleo. Inaniudhi. Na inaniudhi zaidi kwamba mimi ninayeyaandika haya nilishindwa na grisi.

Baada ya mazishi mkewe aliniita pembeni. Huyu ndiye aliyekaa naye kwenye benchi lile miaka yote, akifunga na kufungua nyaya. Alinipa kitu kidogo kilichoviringishwa kwenye gazeti. "Alikungoja Ijumaa mpaka adhuhuri," akasema. "Chukua. Nimeifuta, haitakuchafua." Niliitia mkobani. Nilikwenda Arusha, nikaiweka kwenye kaunta ya muuzaji yuleyule. Akaigeuza, akasoma ubavuni, akavuta droo na kutoa mwenzake. "Si ungekuja nayo tangu mwanzo?" akaniuliza. Ilikuwamo kwenye droo ile tangu siku niliyokwenda na picha.

Matanga yalipoanuliwa nilimpelekea mjane wa mzee. Alikuwa amelivaa koti la kaki, mikono ameikunja. Aliikaza dayodi mwenyewe kwa spana, akawasha, na mshale ukapanda taratibu. Nikawaza kwamba usafi wa mkoba wangu ndio uliomnyima mzee kuuona mshale ule ukipanda. Basi ukitumwa kipuri, ndugu msomaji, beba mfano, na ukikuchafua, uchafuke. Nilitaka kumwambia mama pole kwa mara nyingine, lakini alikwishanigeuzia mgongo, anatazama betri zilizopangwa sakafuni.

"Tuanze na ya zahanati," akasema. "Nishikie huu waya."