Hodi ya Bandani

Mtunza farasi wa Bamburi haingii bandani bila kupiga hodi. Husimama mlangoni, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi, bibie," kisha akangoja mpaka yule farasi jike ageuze sikio. Siku ile hali ya hewa haikushikika: jua kali, manyunyu, jua tena. Kila wingu likipita aliivua fulana yake akamfuta farasi mgongo, taratibu, halafu akaketi kando yake juu ya ndoo, kama mtu aliyefika kwao. Mbodze, mkewe, alikuwa amemletea wali na kunde. Alisimama nje ya ua na bakuli lake, akiwatazama kwa wivu. Miaka tisa ya ndoa, na mlango wake yeye husukumwa kwa bega tu! Akageuka na chakula chake, akarudi nyumbani, akatia komeo.

Jioni mvua ilishuka kwa kishindo. Mlango ukasukumwa kwa bega, haukufunguka. Ukasukumwa tena. Kisha maji tu yakichuruzika barazani.

"Hodi," ikaja ile sauti ya chini.

Mbodze alisikiliza. Neno "bibie" halikuwemo. Hakugeuza hata sikio.