Kaseti Zilizolia Kabla ya Kilio Kuisha

Mwaka wa korona ulinikuta Kasongo. Nilikuwa nimetoka kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Lusangi, nikienda sikujua wapi, magari yakasimama. Nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane. Mume wake alikuwa na baa. Alikuwa amekufa miezi mingi, lakini mama alikuwa bado kwenye kilio, amevaa nyeusi, anaenda shamba tu, sokoni hapana.

Chumbani mwangu kulikuwa na redio ya zamani na mfuko wa mchele uliojaa kaseti. Shule niliiacha mapema, lakini mfuko uliofungwa siwezi kuuacha. Nilisafisha kaseti kwa pamba, nikakaza utepe kwa kalamu. Albamu nyingi nilizijua. Zilikuwa zikilia kila baa nilipokuwa mdogo, na sikuwahi kuzisikiliza. Sasa nilikuwa na wakati. Niligundua kwamba gitaa la pili, lile ambalo hakuna anayelisifu, ndilo linabeba wimbo.

Fundi cherehani wa jirani hakuwa na wateja. Tulibadilishana muziki kupitia ua wa matete: yeye alinipitishia taarabu, mimi nikampa rumba. Hatukukubaliana hata mara moja.

"Hiyo yako inalaza watu," alisema.

"Hujasikia upande wa pili, baba."

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kikapu cha sombe, majani ya muhogo.

"Mama, hongera!" fundi akapaza sauti. "Kumbe wamekutoa kilio?"

Mama akatua kikapu, akazima redio. Kwetu mjane huvaa nyeusi na redio inalia tu. Kwa ukoo wa mume wake, ndugu za marehemu ndio wanaomvua mjane nyeusi, na ni wao tu wa kupiga muziki wa kwanza. Ndugu hao walikuwa Kabambare, na njia zilikuwa zimefungwa.

"Umeniua," mama alisema. "Watasema nimejitoa miye mwenyewe. Na nyumba iko yao."

Gari halikufika Kabambare, habari ilifika. Siku ya tatu shemeji yake alipiga simu, sauti tukaisikia wote.

"Nani amepiga muziki kwa ndugu yangu?"

"Mupangaji, shemeji. Hakujua."

"Mupe simu."

Nikakubali kosa. Akauliza ni kaseti gani. Nikamweleza.

"Ile ya gitaa mbili? Bado iko?" Nikasema iko. "Weka."

Nilimtazama mama. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaweka simu kando ya redio. Katikati ya wimbo wa pili simu ikakatika; yuniti zilimwishia. Tukabaki hatujui ameamua nini. Usiku huo mama hakula.

Asubuhi akapiga tena.

"Shemeji, ule wa mupangaji hatuhesabu, yeye ni mugeni. Wa jana ni miye nimesema uwekwe, na miye ndiye mukubwa wa ukoo. Basi, kilio kimeisha. Vua. Pombe yangu ya kukutoa kilio nitainywa njia ikifunguliwa."

Mama alivua nyeusi kabla chai haijachemka. Nikamuuliza nimwekee kaseti gani.

"Hizo? Miaka makumi mbili zilininyima usingizi."

Akabeba sombe mpya, akaenda sokoni kuuza. Alirudi jua likizama, sombe yote bado kikapuni, na habari za watu wote wa Kasongo.